Kikombe cha Tatu cha Kitanda Namba Tisa

Watu walimwita Daktari Kikombe, na hawakumwita hivyo kwa kumdharau. Miaka ile dawa za kifua kikuu zilikuwa bado hazijapatikana. Kutibiwa maana yake ilikuwa kulala tu: madirisha wazi mchana kutwa, mvua ije, upepo uje, maziwa asubuhi, mayai jioni, na katikati yake kumsikiliza mwenzako wa kitanda cha pili akihesabu kikohozi chake. Yeye ndiye aliyempa kila mgonjwa wa wodi yake kikombe cha bati chenye mfuniko, kimegongwa namba ya kitanda. Temea humo. Si dirishani, si kwenye leso, si pembeni ya ukuta ukidhani hatukuoni. Hata barabarani alimsimamisha mtu aliyekohoa akamuuliza kikombe chake kiko wapi, na mtu mwenyewe kumbe kapaliwa na maji tu.

Walimcheka, wakamkwepa, wakaimba jina lake nyuma ya ukuta. Lakini miaka ilivyokwenda, kukawa hakuna mtaa usio na mtu aliyeingia kwake amebebwa akatoka anatembea.

Basi daktari huyo, aliyekuwa akipenyeza sindano ndefu katikati ya mbavu za watu huku akiwapigia hadithi za kuchekesha, aliogopa kitu kimoja duniani: tepu ya fundi cherehani.

"Leo huna pa kukimbilia," mkewe alimwambia. "Nimefunga mlango wa uani."

Ilikuwa alasiri. Kesho yake hospitali ingemuaga kwa kustaafu, na mkewe, mtu asiyejua kuishi katika nyumba yenye chini ya watu sita, alikuwa ameshinda na wageni tangu asubuhi. Sasa walikuwa wameondoka, viti vimebaki duara sebuleni kama vinaendelea kusengenya vyenyewe. Kwenye kiti kimoja alikaa fundi, tepu shingoni, daftari lake nene mapajani, miwani imefungwa kwa uzi mweusi.

"Suti ya kesho ni zawadi yangu," fundi alisema. "Kitambaa nimekipiga pasi, mkasi nimeunoa, usiku mmoja tu unanitosha. Miaka thelathini na moja unanikimbia, Daktari. Mara hupendi suti, mara unanunua koti la dukani, linakuning'inia kama limeazimwa. Mimi fundi na wewe rafiki yangu, watu wananiuliza: huyu rafiki yako mmegombana?"

"Si mtu wa suti mimi."

"Kesho utakuwa mtu wa suti. Vua shati."

"Nipime juu ya shati."

"Sikupimi juu ya shati, labda nishone gunia. Shemeji, mwambie mumeo."

"Baba watoto, vua shati," mkewe alisema, naye tayari kashika penseli, kwa kuwa fundi alipenda kutaja vipimo kwa sauti na mtu mwingine aandike. "Unamwonea haya shemeji? Mliogeshwa beseni moja wodini nyinyi."

"Walioogeshwa ni sisi," fundi alisema. "Yeye alikuwa anatuogesha kwa maneno."

Wakacheka wote wawili. Daktari alicheka pia, mikono ikiwa kwenye kifungo cha kwanza, haifungui.

Fundi alikuwa mgonjwa wake wa kitanda namba tisa. Aliletwa akiwa kijana, mifupa mitupu, na baada ya mwaka na nusu wa kulala na kupulizwa hewa kifuani ili pafu bovu lilale lipumzike, akaanza kunona na kupiga domo. Mikono yake ilikuwa haikubali kukaa bure. Akaomba sindano na uzi, akawa anashonea wodi nzima kitandani. Alimshonea daktari koti jeupe. Halafu akaanza kujishonea koti la harusi, maana alikuwa na mchumba, binti mpole aliyekuja kila Jumapili akasimama nje ya dirisha, kwa sababu ndani hakuruhusiwa.

Sheria ya kutoka ilikuwa ya daktari mwenyewe, kaiandika kwa mkono wake na kuibandika mlangoni. Vikombe vitatu safi, kila kimoja mwezi wake, ndipo uende kwenu. Na aliyepata safi kisha akachafuka tena, huyo ahesabiwe amerudiwa na ugonjwa: akae mpaka atoe miezi sita safi mfululizo, na neno la mtu lisitengue. Alikuwa mkali hivyo kwa sababu aliwahi kumwonea huruma mama mmoja akamwachia mapema, na ndani ya mwaka nyumba ya yule mama ikabaki na paka peke yake.

Vikombe vilikuwa vikienda maabara, chumba chenye dirisha moja na darubini moja. Huko alikaa msichana mwembamba mwenye macho makali, aliyepaka makohozi kwenye kioo, akayatia rangi, akatazama. Palipo na ugonjwa, vijidudu vilionekana vyekundu, vijiti vyembamba juu ya buluu. Watu walimwita Bibi Darubini angali bado msichana. Ndiye huyu aliyeshika penseli sasa.

Ndiye aliyeona vijiti hivyo kwenye kikombe cha tatu cha fundi, fundi akaongezwa miezi sita na wodi ikaamini msichana amekosea, na ndiye ambaye fundi alikuwa akimtania miaka yote hiyo. "Shemeji, mboga hii umeiangalia vizuri, au umeiangalia kama kikombe changu cha tatu?" Kwenye kila ugeni, kila msiba, kila harusi, utani ulikuwa ule ule. "Mwanamke huyu alininyima mke kwa jicho moja!" Na mkewe daktari hucheka, akampiga kofi la bega, kisha husema, kila mara, kwa sauti iliyoshuka kidogo: "Nisamehe, shemeji. Lile kosa langu."

Daktari alilisikia neno hilo miaka thelathini na moja. Lilimwingia kila mara mahali pale pale.

"Kifungo kimoja bado," fundi alisema.

Akavua.

Fundi alianza mabega, akashuka mkono, akataja namba, penseli ikakwaruza. Kisha akafika kifua. Fundi mwingine angezungusha tepu mara moja akamaliza. Huyu, kwa kuwa nusu ya wateja wake walitoka wodi ya kifua, alikuwa na mtindo wake: alipima upande mmoja mmoja, kutoka uti wa mgongo hadi katikati ya kifua, maana pafu lililolazwa mwaka mzima huacha mbavu zimebonyea, na koti lililokatwa sawasawa pande mbili humkalia mtu huyo vibaya maisha yake yote.

"Kulia, kumi na tisa." Penseli ikaandika. "Kushoto..."

Fundi akapima tena. Vidole vyake vikapita juu ya ubavu wa sita na wa saba, vikasimama juu ya kovu dogo, mfano wa punje, halafu jingine, halafu jingine.

"Kushoto, kumi na saba na robo," akasema polepole. Akacheka kidogo, cheko la mtu asiyejua acheke nini. "Daktari! Kumbe mwenzetu? Nani alikupuliza wewe?"

"Hapana, hiyo ni nimonia ya utotoni," mkewe alijibu bila kuinua kichwa. "Alipona peke yake akabaki hivyo. Kaniambia tangu tunaoana."

"Utotoni?"

"Utotoni."

Fundi akakaa. Akalamba kidole, akaanza kurudi nyuma katika daftari, kurasa baada ya kurasa za mabega ya watu, mpaka akafika mwanzo kabisa, ambako karatasi zilikuwa za hospitali, zimeshonwa kwa uzi wa kushonea vidonda. Hakuwa anamtega mtu. Fundi ukimwambia kipimo chake kimekosea, lazima atafute.

"Mbona nilikupima kwa koti jeupe?" alisema. "Hapa. Kulia kumi na nane, kushoto kumi na nane. Kulia umeongezeka, hayo mapishi ya shemeji. Kushoto umepungua. Utotoni ulikuwa umeshapita, Daktari."

Sasa mkewe akainua kichwa. "Ukurasa huo ni wa lini?"

"Wa lini? Mwezi ule ule wa balaa langu. Wiki mbili kabla ya kikombe cha tatu."

Hapo ndipo daktari alipopata nafasi yake. Hakuna aliyekuwa amemshtaki bado. Wawili hao walikuwa wanamtazama kama watu wanaongoja kuelezwa jambo dogo, na yeye alijua kwamba akisema mwenyewe sasa, walau kitakuwa kimetoka kinywani mwake. Miaka thelathini na moja alikuwa akijiahidi hivyo: nitasema mtoto wa kwanza akizaliwa, nitasema dawa zikifika, nitasema nikistaafu. Akafungua kinywa.

"Nilianguka," alisema. "Ngazi. Kule nilikokwenda masomoni."

Alijisikia akilisema. Hata jasho lilimtoka kwa uzuri wa uongo ule, ulivyokuja haraka, kama mbwa wa nyumbani anayejua njia.

Mkewe akaweka penseli chini. "Jana nimonia," alisema, "leo ngazi."

Hakusema kwa ukali. Alikuwa anamtazama kwa jicho lile la maabara, moja limekaza na jingine limefinywa kidogo, na daktari akaona kwamba baada ya muda mfupi angefika mwenyewe, hatua kwa hatua, masomo ya miezi minne ambayo hakuyaletea hata cheti, dada mgonjwa wa mji wa pili aliyedai kumwendea kila baada ya wiki mbili kwa miaka miwili, kumbe anajazwa hewa huko, hata wodi nzima ikauliza: dada gani huyo, hafi wala haponi?

"Kikombe kilikuwa changu," daktari akasema.

Fundi alidhani hajasikia. "Kipi?"

"Cha tatu. Cha kitanda chako. Mate yalikuwa yangu."

Akaeleza, akiwa amesimama kifua wazi, shati mkononi kama mtu aliyeitwa na mganga. Asubuhi moja akinyoa, alikohoa akaona damu kwenye sinki. Akachukua makohozi yake, akapaka kioo, akatia rangi, akatazama mwenyewe. Hakuona kitu. Akarudia kesho yake, hakuona kitu. Mara ya tatu akajua kwamba hatawaona vijidudu kamwe, kwa sababu jicho linalojua mwenye mate ni nani lina upande. Alitaka jicho lisilojua. Na akimpelekea Bibi Darubini kikombe chenye jina lake, jioni hiyo hiyo wodi itajua, kesho atavuliwa koti jeupe alazwe kitanda cha mwisho, na wagonjwa themanini wabaki na nani? Ndivyo alivyojiambia. Wagonjwa themanini. Alikuwa hajamwambia mtu kwamba aliogopa pia kile kitanda chenyewe, shuka lile, kikombe kile alichokuwa akiwagawia wenzake huku akitabasamu.

"Nikamwaga yako nikatia yangu. Nilikusudia kumuwahi huyu maabara asubuhi nimwambie kioo kimechanganyika. Nikamkuta keshaingia wodini na karatasi, keshamwambia muuguzi mkuu, na wewe umekaa kitandani na lile koti. Nikasema, rudia."

"Nikarudia," mkewe alisema. "Mara mbili."

"Ukarudia."

"Na sheria ilikuwa mlangoni," fundi alisema.

"Kuitengua ingebidi niseme kwa nini."

Nje jirani alimwita mwenzake kwa kelele kuhusu ndoo, mwenzake akajibu hajaiona, na daktari akatamani mzozo ule uendelee.

Mkewe ndiye aliyesema wa kwanza, na hakusema alichokitarajia daktari. "Kumi na wawili," alisema. "Nilihesabu kumi na wawili. Wamekaa wawili wawili, wengine wamepinda. Wekundu." Akashika meza. "Niliwaona."

"Uliwaona."

"Nilisema niliwaona! Mkaanza, labda kioo hakikuoshwa, labda rangi ilizidi, labda msichana kachoka. Miezi sita kila kikombe cha fundi kinatoka safi, kila mtu ananitazama. Nikakubali. Nikasema basi nimekosa mimi. Tangu siku ile kila kioo nimekiosha mara mbili, mpaka nastaafu, vidole vimechubuka. Na wewe umekaa mezani kwangu unanisikia namwomba huyu radhi. Ulikuwa unacheka pamoja nasi."

Lilikuwa kweli. Alikuwa akicheka pamoja nao.

Fundi alikuwa akiizungusha tepu kidoleni, taratibu, kama anavyofanya akimaliza kazi. Daktari alimngojea atukane. Angefurahi kutukanwa. Alikumbuka yeye mwenyewe alivyorudi kutoka "masomoni," naye keshapulizwa hewa kifuani, akamkuta kijana huyu kitandani analifumua koti la harusi uzi kwa uzi. Ndugu za binti walikuwa wamekata kauli: mtu aliyepona akarudiwa si mume, ni maiti anayesubiri. Wakampa mwingine. Lile koti fundi alilishona upya kwa kipimo cha mgonjwa wa kitanda cha kumi na mbili, akatoka nalo yule. Fundi hakuoa. Cherehani ndiyo mke, husema. Na yule binti, siku hizi bibi mwenye wajukuu, bado humletea suruali za mumewe apunguze urefu, na fundi hupunguza, na mtaa mzima hupita polepole mbele ya duka siku hiyo.

"Yangu uliyamwaga wapi?" fundi aliuliza.

"Nini?"

"Mate yangu. Ya kikombe cha tatu."

"Kwenye ndoo ya dawa."

"Hukuyapima?"

"Hapana."

"Yalikuwa safi?"

Daktari akatazama sakafu. Hili ndilo lililokuwa chini kabisa, chini ya yote aliyokwisha kusema, na hakuna tepu iliyolifikia. Angeweza kuliacha huko. "Yalikuwa safi," alisema. "Nilijua ulishapona. Ndiyo maana nilikichagua kikombe chako. Ningetumia cha mtu mwingine, kikitoka kichafu nisingejua ni mimi au ni yeye."

Fundi akaitika kwa kichwa, kama mtu aliyepewa kipimo. Kwa muda mrefu alitazama ukurasa wa zamani na ukurasa mpya, kumi na nane na kumi na saba na robo. Hatimaye akasimama, akaikunja tepu, akaitia mfukoni badala ya shingoni.

"Upande wa kushoto," alisema, na sauti yake ilikuwa ya dukani, sauti ya kuzungumza na mteja asiyemjua. "Wateja wangu wa kifua huwa nawauliza. Nikutilie pamba ndani, koti likae sawa, mtu asijue? Au nikate kama ulivyo?"

Daktari alielewa anaulizwa nini. Ukumbi wa kesho ungejaa watu wa wodi, wazee kwa wazee, ambao wanalijua umbo lile kwa kulitupia jicho tu, kwa sababu kila mmoja analo. Na juu ya ratiba, iliyopigwa chapa na kubandikwa mlangoni, fundi mwenyewe ndiye aliyewekwa kutoa shukrani kwa niaba ya waliopona.

"Mkeo je?" fundi aliongeza. "Yeye anasemaje?"

Mkewe alikuwa ameshaelekea jikoni. "Mimi nimesema sana," alijibu kwa mgongo. "Aseme yeye."

"Kata kama nilivyo," daktari alisema.

"Bila pamba."

"Bila pamba."

Suti ililetwa asubuhi na jirani, si na fundi. Ilikuwa imeshonwa kwa ustadi ambao daktari hakuustahili, mshono umenyooka, kola imelala, na upande wa kushoto kitambaa kikifuata mbavu ndani kama kinavyofuata ukuta uliobomoka. Mkewe alimfunga tai kwa mikono inayojua kazi na macho yanayotazama kwingine. Wageni walikuwa wameanza kujaa tena sebuleni na yeye akawakaribisha, akawapa chai, lakini kila alipotaniwa hakurudisha utani.

Ukumbini walimpigia makofi alipoingia. Kisha makofi yakalegea, kuanzia safu ya mbele. Mzee mmoja wa kitanda cha nne alimgusa mwenzake, akajigusa ubavu wake mwenyewe, akaonyesha kwa kidevu. Minong'ono ikapita viti kwa viti. Mkewe alikaa safu ya pili, ametoa miwani, amenyoosha shingo. Fundi alikuwa mlangoni, amesimama, kofia mkononi. Kiti chake chenye jina la kazi yake kilikuwa wazi.

Mwenye kuendesha shughuli akaanza kusema kwamba sasa tutamsikia mgonjwa wa zamani, na daktari akainuka kabla hajaalikwa. Alikuwa ameandaa maneno mengi, kuhusu miaka ile, kuhusu dawa ambazo hazikuwapo, kuhusu wagonjwa themanini. Alipowaona wale wazee wanavyokitazama kifua chake, akaona aibu hata ya kuyaanza.

"Mwaka ule bibi huyu hakukosea," alisema, akanyoosha mkono kuelekea safu ya pili. "Kikombe cha tatu cha kitanda namba tisa kilikuwa changu."

Hakuna aliyekohoa, katika ukumbi ule wa watu wa kifua. Mlangoni fundi aliivaa kofia yake, kisha akaivua tena. Hakuketi wala hakutoka, na daktari akaendelea kusimama mbele yao, akilisema lile jingine, la chini kabisa, la kwamba alijua fundi ameshapona, kwa sauti ambayo hata waliokaa nyuma waliisikia.